Nehemia alilijuaje jina la mtunza msitu? Naomba msaada wapendwa, nina somo Jumamosi

Kijana_wa_Moro

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina jambo linanisumbua, wenye kuijua Biblia kuliko mimi nisaidieni, nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Nina miaka 27, nimesomea uhasibu ngazi ya diploma. Mwezi wa pili mwaka huu kampuni niliyokuwepo ikapunguza watu na mimi nikawemo. Tangu hapo niko kwa mjomba hapa Morogoro, ana duka la spea za pikipiki. Miezi ya mwanzo nilizunguka sana na bahasha, baadae nikachoka nikaamua kumwachia Mungu kabisa, nafunga Jumatano na Ijumaa, mikesha sikosi, na kuna kaka mmoja wa kikundi cha maombi namheshimu sana aliniambia ukishamkabidhi Mungu jambo halafu ukaendelea kuhangaika nalo ni kama unamnyang'anya mkononi, basi nikaacha hata kutuma maombi ya kazi. Juzi tunakula ugali mjomba akaniambia kwa upole tu, "mjomba, wewe siku hizi unajificha kwenye maombi." Usiku ule sikulala.

Sasa kanisani nimepangiwa somo la vijana Jumamosi, nikachagua Nehemia kwa kuwa namjua ni mtu wa maombi. Nimesoma mlango wa 1 na wa 2 mpaka karatasi zimelegea. Habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomolewa zinamfikia Shushani, kwenye ikulu ya Uajemi, mwezi wa Kisleu, analia, anafunga, anaomba. Anakuja kusema na mfalme mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne hiyo, anampelekea mfalme Artashasta mvinyo na moyoni ana mzigo na hasemi. Nilitaka niwafundishe vijana kwamba alikuwa anasubiri kwa imani, basi.

Lakini mfalme alipomuuliza unataka nini, angalieni alichojibu. Anataja muda wa safari. Anaomba barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto (Frati) ili apite salama. Halafu anaomba barua kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme, apewe miti, na miti yenyewe anaitaja ni ya nini, ya malango ya ngome, ya ukuta wa mji na ya nyumba atakayokaa. Hapo ndio nimekwama. Mtu aliyekuwa anaomba tu, jina la mtunza msitu alilijuaje?

Na swali langu lenyewe ni hili, mimi nasubiri kwa imani au nazembea? Mtu anajuaje tofauti?

Mama_Mwalimu_Iringa

Bwana asifiwe mwanangu. Nimefundisha shule ya Jumapili zaidi ya miaka 20 na hilo la Asafu nimelipita kila mwaka bila kusimama, Mungu akubariki umenisimamisha.

Rudi kwenye mlango wa 1 uone ile sala ilivyojengwa. Haanzi kwa kuomba ukuta. Anatubu kwanza, na anasema mimi na nyumba ya baba yangu tumekosa, hajiweki pembeni, wakati yeye yuko ikulu anakula vizuri na Yerusalemu pengine hajawahi kuiona. Halafu anamkumbusha Mungu maneno aliyomwambia Musa. Mwisho kabisa ndio anaomba apate rehema mbele ya mtu huyu, na sentensi inayofuata anatuambia kwamba alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Unaona sala inavyotembea? Imeanza na machozi ikaishia mezani kwa bosi wake. Kwa nionavyo mimi miezi minne ile sala ilimfanya aanze kuona njia. Mtu aliyebeba jambo rohoni kila siku akipita mtu anayejua habari za misitu ya mfalme hatampita hivi hivi, atamuuliza. Ndivyo jina la Asafu linavyopatikana.

Halafu kitu cha pili, usikiruke kwenye somo lako. Mfalme alipomwona ana huzuni akamuuliza, Nehemia anasema wazi kabisa kwamba aliogopa sana. Shujaa anaogopa. Na baada ya mfalme kusema unataka nini, kabla hajajibu, anamwomba Mungu wa mbinguni. Pale pale amesimama! Hiyo sala haiwezi kuwa ilizidi sekunde tatu maana mfalme wa Uajemi humkalishi anasubiri. Sekunde tatu hizo zilikuwa na miezi minne chini yake. Nawaambiaga watoto wangu darasani, sala ya dharura inatoka kwa mtu aliyezoea kuongea na Mungu siku zisizo na dharura.

Sasa kuhusu kujificha. Soma mlango wa 6 kuanzia mstari wa 10. Ukuta umebaki milango tu, anaenda nyumbani kwa Shemaya, na Shemaya anamwambia twende hekaluni tujifungie humo, wanakuja kukuua usiku. Ushauri wa kiroho kabisa, unasikika mtamu, kwenye nyumba ya Mungu kabisa. Nehemia akakataa, akasema mtu kama mimi akimbie? Ndio akagundua kwamba huyo alikuwa amelipwa na Tobia na Sanbalati, wale maadui wa ujenzi. Sisemi kaka yako wa maombi amelipwa na mtu, hapana, huenda anakupenda kweli. Ninachosema ni kwamba hata hekalu linaweza kuwa mahali pa kujificha, na Nehemia aliyelipenda hekalu kuliko wengi alijua hilo. Mjomba wako hakukosea kukuambia.

FundiNyundo_Tanga

Shikamoo mama mwalimu. Kijana habari.

Mimi ni fundi mwashi, miaka 19 sasa, na Nehemia ndio kitabu changu kwenye Biblia nzima kwa sababu nakisoma kwa macho ya kazi. Wachungaji wanapenda kuhubiri kile kipande cha mkono mmoja kazi mkono mmoja silaha, sawa, lakini kuna vitu kabla ya hapo fundi yeyote akisoma anatikisa kichwa.

Cha kwanza, amefika Yerusalemu akakaa siku tatu kimya. Halafu akatoka usiku na watu wachache, mnyama mmoja tu aliyempanda yeye, akapita Lango la Bondeni akaenda mpaka Lango la Jaa anakagua kuta, akafika kwenye Birika la Mfalme akakuta hakuna pa kupita yule mnyama, kifusi kimejaa, akapanda kando ya kijito anaangalia ukuta hivyo hivyo usiku. Na wakubwa hawajui ameenda wapi. Hiyo ni kwenda saiti! Hakuna fundi wa maana anayetoa bei hajaona saiti. Alishaomba miezi minne, ana barua ya mfalme, ana askari na wapanda farasi, na bado anaenda kushika mawe kwa mkono wake kabla hajamwambia mtu tujenge.

Cha pili ndio kinaniumaga. Sanbalati anawacheka anasema hivi watayafufua mawe kutoka kwenye vifusi na yenyewe yameungua? Watu wanachukulia ni matusi tu. Mimi niko pwani, nimekua naona tanuri la chokaa. Unapanga magogo, unapanga mawe ya matumbawe juu, unachoma, yakishapoa jiwe bado lina umbo la jiwe lakini ukilishika linakuwa jepesi, ukilimwagia maji linachemka linapasuka linakuwa unga. Mawe ya Yerusalemu ni ya chokaa pia. Mji ulichomwa na Wababeli mwaka 586 KK, Nehemia anakuja karibu 445 KK, kwa hiyo kile kifusi kina miaka kama 140. Sanbalati hakusema uongo kwa hilo, mawe mengine yalikuwa yameshaharibika kweli. Maneno ya adui yanayouma zaidi ni yale yenye ukweli ndani yake. Sasa kazi ya fundi hapo ni kuchagua. Unachukua jiwe unaligonga na nyundo, lile zima linalia, lililopasuka ndani linatoa sauti imekufa. Moja moja. Hakuna njia ya mkato. Biblia haijaandika kwamba waligonga hivyo ila najua kazi, kwa kifusi kile lazima mtu achague.

Mlango wa 4 mstari wa 10 watu wa Yuda wanasema nguvu za wachukuao mizigo zimepungua na kifusi ni kingi. Hao wachukuao mizigo kwetu ni saidia fundi. Wanaochoka kwanza siku zote ni saidia fundi, sio fundi. Na angalia lini wanachoka, ukuta umefika nusu ya kimo chake. Sio mwanzo, mwanzo kuna hamasa, sio mwisho, ni katikati pale ambapo hujaona mwisho na mwanzo umeshausahau. Kijana wewe uko hapo, miezi saba hiyo ni nusu ukuta.

Halafu mlango wa 3 ule wa majina watu wanauruka. Usiuruke. Kuna mafundi dhahabu wanajenga ukuta, kuna mtengeneza manukato anajenga ukuta, kuna Shalumu na binti zake. Na wengi imeandikwa kila mtu kuielekea nyumba yake. Sasa wewe ni mhasibu unakaa kwenye nyumba yenye duka la spea. Hesabu za hilo duka nani anaandika?

Chebet_Kitale

Hamjambo wote, nimesoma kutoka Kitale na nimeguswa, lakini naomba niseme kitu tofauti kidogo na msinielewe vibaya.

Tusimgeuze Nehemia kuwa kanuni, kwamba omba miezi minne, panga vizuri, jua jina la mtunza msitu, na mfalme atakuuliza. Kuna watu wamejiandaa vizuri na mfalme hajauliza. Mimi nilisoma kozi juu ya kozi, nilikuwa na faili ya vyeti imepangwa kwa tarehe, nilienda mahojiano mengi nimenyoosha nguo usiku, na miaka minne mlango haukufunguka. Kilichoniua si kukosa kazi, ni watu wa kanisa kunitafutia kosa. Mara sina imani, mara sijajiandaa vya kutosha. Kila upande nilikuwa na hatia.

Kwa hiyo nilivyosoma hiki kitabu nilishika maneno mengine, yale ya mlango wa 2 mstari wa 8, kwamba mfalme alimpa kwa jinsi mkono mwema wa Mungu wake ulivyokuwa juu yake. Hajasema kwa sababu orodha yangu ilikuwa nzuri. Na kumbukeni mfalme mwenyewe ni nani, someni Ezra mlango wa 4, Artashasta ndiye anayetajwa pale kwamba aliandikiwa barua ya kuwashtaki watu wa Yerusalemu na akaamuru kazi isimame mpaka atoe amri nyingine. Nehemia alikuwa anamwomba mfalme abadilishe amri yake mwenyewe! Ndiyo maana aliogopa. Hakuna maandalizi yanayoweza kugeuza moyo wa mtu kama huyo.

Sasa kama hivyo, kwa nini alijiandaa? Mimi naamini alijiandaa kwa sababu alitegemea Mungu atajibu kweli. Mtu anayeomba mvua na hajalima, sijui anaomba nini. Huku kwetu wakulima wa mahindi wanalima shamba bado kavu, ardhi ngumu, kabla ya mvua ya Machi. Haleti mvua kwa kulima. Lakini ikija inamkuta tayari.

Ndugu wa Moro, sikuhukumu. Tuma hayo maombi ya kazi, na wakikukataa usirudi kwa Mungu na swali la umekosea wapi.

Bin_Forodhani

Assalam aleikum na habari zenu. Mimi ni Muislamu nipo Unguja, samahani naingia kwenye mada ya kanisani ila imenivutia na kwetu jambo hili lipo pia.

Kuna hadithi mashuhuri imo kwenye kitabu cha Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake, nimfunge kisha nitawakali (nimtegemee Mungu), au nimuache kisha nitawakali? Akamwambia mfunge, kisha utawakali. Mashekhe wetu wanaisomesha kila mara kwa sababu vijana wa kwetu pia wana hiyo ya kukaa barazani wakasema riziki itakuja.

Na Nabii Yusuf (a.s.), nyinyi mnamwita Yusufu, alipoifasiri ndoto ya mfalme hakuishia kusema njaa inakuja tuombe Mungu. Kwenye Qur'ani sura ya 12 aya ya 47, aliwaambia mtalima miaka saba mfululizo, na mtakachovuna mkiache kwenye mashuke yake isipokuwa kidogo mtakachokula. Mimi babu yangu alikuwa analima mtama, akiniambia nafaka ikikaa ndani ya shuke lake haiharibiki upesi kama ukishaipukuchua. Kwa hiyo Nabii anatoa wahyi (ufunuo wa Mungu) na ndani ya wahyi mna elimu ya ghala. Mimi hilo hunitoa machozi. Mwenyezi Mungu angeweza kuwashushia mkate, akawafundisha kuweka nafaka.

Ndugu yangu nakuombea kheri. Fungua mlango na wewe.

Kijana_wa_Moro

Shikamoo mama mwalimu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Sikutegemea majibu kama haya, nimeyasoma yote jana usiku na leo asubuhi tena. Dada Chebet pole sana kwa uliyopitia, na ahsante kwa kuyasema. Ndugu wa Unguja waaleikum salam, karibu sana, hiyo ya mashuke nimeenda kumsomea mjomba.

Fundi swali lako la mwisho lilinikaa kichwani. Leo saa moja nimeshuka dukani na mjomba nikamwambia nipe daftari nikuangalizie. Alishtuka. Daftari lenyewe limelowa oili kurasa za katikati zimegandana, nimezibandua na wembe. Kuna wateja wa bodaboda wamechukua cheni na tairi tangu mwezi wa nne, majina yapo, kiasi hakipo, mengine yamekatwa kalamu na haijulikani walilipa au mjomba alikata tamaa. Miezi saba mimi nalala chumba cha nyuma ya hilo duka, nafunga na kuomba Mungu anipe kazi ya hesabu. Nilivyofika ukurasa wa kumi nilitoka nje nikalia kidogo, sio kwa huzuni sana, sijui niseme kwa nini.

Mchana nimetuma maombi mawili. Ijumaa kufunga nitafunga kama kawaida, hilo siachi.

Mama, yule kaka wa maombi nitamwambiaje? Sitaki kumuumiza, alinishika mkono wakati ambao hakuna mtu alinitafuta.

Mama_Mwalimu_Iringa

Marahaba mwanangu. Usimwambie kitu cha kumsahihisha. Mwalike aje kwenye somo akae mbele, umsomee mlango wa 4 mstari wa 9 pale wanaposema wakamwomba Mungu wao, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Vyote viko kwenye mstari mmoja. Mwambie yeye ashike sehemu ya maombi kabla hujaanza, maana ni mwombaji mzuri na kipawa chake kinahitajika, walinzi bila maombi ni mgambo tu.

Na kama muda utatosha wafikishe mpaka mlango wa 13, wengi wanaishia ukuta ulipokamilika siku ya 52 wanapiga makofi. Nehemia alirudi kwa mfalme, aliporudi tena Yerusalemu akakuta yule Tobia aliyekuwa anawacheka amepewa chumba ndani ya nyua za nyumba ya Mungu, kwenye ghala la zaka! Ukuta umesimama, malango yana makomeo, na adui amepangishiwa ndani na kuhani. Akatupa vyombo vyake vyote nje. Vijana waelewe kwamba kulinda hakukuisha siku ya 52.

Kijana_wa_Moro

Amina mama, nitafanya hivyo. Fundi moja tu la mwisho, nataka niwaonyeshe vijana hiyo sauti ya jiwe zima na lililokufa, niwafumbe macho wasikilize tu. Huku mawe ya chokaa sijui nitapata wapi, mawe ya mlimani kwetu ni magumu. Nifanyeje?

FundiNyundo_Tanga

Usitafute mawe, tumia matofali ya kuchoma, hapo Moro yapo kila kona. Nenda kwenye tanuri uombe tofali la katikati ya tanuri lililoiva vizuri, na moja la pembeni lenye ufa, hilo watakupa bure. Yawe makavu, yasiwe yamenyeshewa. Usiyaweke mezani ukayagonga, meza inaua sauti. Mpe kijana mmoja alishike tofali kwa vidole viwili juu hewani, ugonge na kitu cha chuma, hata spana ya mjomba inatosha. Lililoiva litalia kama kikombe. Lile lenye ufa watasikia wenyewe. Gonga lenye ufa kwanza.

Na daftari usilikaushe juani, kurasa zitajikunja. Weka unga wa sembe kati ya kurasa ufyonze oili, acha usiku kucha chini ya kitu kizito, asubuhi pangusa.